Ufito wa Mama

Seremala wa shule, pale Sliven, aliuchonga kwa msonobari
akautia mikato miwili ya kisu:
wa chini, wavu wa wanawake, mita mbili na sentimita ishirini na nne;
wa juu, wa wanaume.
Kati ya mkato na mkato hapakutimia shibiri.

Mama alikuwa mfupi.
Kocha Penko alimkagua siku ya kwanza, akacheka bila ubaya:
"Zdravka, wewe mpira utakupita juu kwa juu.
Shika kalamu."
Akaishika. Hakuitua kwa miaka arobaini na mmoja.

Alama za kwanza aliziandika katika ukumbi wa kiwanda cha sufu,
wasichana wa zamu ya usiku wakiruka na nyuzi nyweleni,
naye kabla ya filimbi anausimamisha ufito,
kushoto, katikati, kulia,
kwa sababu wavu hulegea katikati, kama ahadi.

Ikafuata wilaya. Ikafuata Sofia.
Ikafuata barua yenye stempu ya Uswisi
na ofisi Lausanne, ghorofa ya tatu,
ambako ziwa ulilipata ukiegemea kabati la mafaili.

Mimi dunia niliijua kwa sabuni,
vile vipande vya hoteli vilivyofungwa karatasi.
Lima ilinukia ndimu. Osaka haikunukia kitu.
Katowice ilikwisha kabla haijatoa povu.
Nilioga miji yote ile, yeye hayupo.

Bwana mmoja aliyetaka mashindano yaende mjini kwake
alimletea boksi la chokoleti, na chini ya chokoleti, bahasha.
Bahasha aliirudisha asubuhi yake, kwa hati ya makabidhiano,
lakini chokoleti moja alikuwa ameshaila.
Aliniungamia hilo uzeeni, sauti chini,
kama mtu aliyeua.

Kisha kura ya hesabu.
Zamani alama aliipata anayeanzisha mpira, basi;
mwenzake akishinda pigo huambulia zamu tu.
Seti moja iliweza kukesha.
Wenye televisheni wakauliza: mnamaliza saa ngapi?
Mama akanyosha mkono pamoja na wengi.
Wiki ya pili Penko akaandika, mstari mmoja:
"Zdravka, subira mmeiuza bei gani?"

Hakujibu. Barua aliikunja ndani ya kitabu cha sheria,
ukurasa wa kumi na tisa,
nao ukurasa ukachanika kwa kufunguliwa.

Penko alipozikwa, Mama alikuwa kikaoni.
Ajenda: rangi ya mpira.
Saa nne nzima, buluu hii au buluu ile.
Kumbukumbu aliziandika zote kwa mwandiko wake wa shule,
isipokuwa mahali pamoja, nusu ukurasa,
ambapo karatasi ni nyeupe.

Aligombea umakamu wa rais. Kura mbili zikapungua.
Usiku ule alipika supu ya maharage, chumvi ikazidi.
Tuliinywa yote.

Walipomuaga walimtunuku kioo kizito chenye jina lake.
Walikosea herufi mbili.
Alishukuru kwa lugha tatu,
akaja kukitumia kuzuia mlango wa jikoni usijifunge.

Februari hii nimemrudisha Sliven.
Theluji magotini, ardhi imekaza.
Ognyan mchimbaji akaniuliza urefu.
Wengine, nadhani, hutaja namba.
Mimi nilirudi nyumbani, nikautoa ufito nyuma ya kabati,
nikampa. Hicho ndicho chenezo chake.
"Mkato wa chini," nikamwambia.

Akanitazama. Akautazama ufito.
Akamkumbuka mwenyewe, alivyokuwa akinyanyuka kwa vidole
kununua mkate kwenye kaunta ya juu.
"Dada, hili litamzidi."

Najua.
Chimba.

Akachimba hadi jasho likatoa mvuke,
akashuka ndani, akapima,
nami nikamwambia apime tena, ipasavyo:
kushoto,
katikati,
kulia.