Tonge la Saa Tano na Nusu

Saa kumi na moja na dakika kumi, taa za barabara hazijazimwa,
namsikia Margis akihangaika sebuleni:
kucha juu ya mbao, tik, tik, kisha kimya,
kisha ile sauti ya pampu inayovuta
na kisimani hakuna maji.

Nashuka kitandani bila viatu, gazeti mkononi.
Nimechelewa. Kila siku nimechelewa.
Povu la njano, jepesi, bila chembe ya chakula,
limetua palepale penye zulia la mama mkwe,
na yeye kando yake amelaza masikio
kama mgeni aliyevunja sahani.

Nimejaribu. Mungu wangu, nimejaribu.
Wali mweupe na kifua cha kuku, siku nne.
Chakula cha pakiti, ghali, chenye picha ya mbwa anayecheka.
Jirani Bronislava akasema mpe mkaa uliosagwa;
nikampa; akatapika vilevile, safari hii kwa rangi nyeusi.
Mwanangu Gintautas akapiga simu kutoka Bergen:
"Mama, huyo ni mzee. Ana miaka kumi na mmoja."
Nikamjibu, mimi nina sabini na mitatu na sijatapika.

Theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka Panevėžys
nilipompeleka kwa daktari Žydrūnė,
msichana mwenye mikono baridi.
Akabonyeza tumbo, akasikiliza, akauliza:
"Nani humpa tonge la mwisho, na saa ngapi?"
Mimi, nikasema. Saa kumi na mbili jioni. Siku zote.
"Basi usiku kucha tumbo li tupu,
na nyongo inapanda kutafuta kazi.
Ajabu ni kwamba angekuwa ameshazoea. Ilianza lini?"

Ilianza lini.

Oktoba, nikasema. Wiki ya pili baada ya kumzika Vytenis.

Njiani kurudi, basi likisubiri treni ya magogo ipite,
nikaanza kuhesabu mikate.
Miaka sita mkate wetu mweusi wa Jumatatu
haukufika Alhamisi,
nami nikawalaumu wenye duka kwa kupunguza uzito.
Miaka sita mume wangu, mwenye kisukari,
mwenye karatasi ya daktari iliyobandikwa mlangoni mwa friji,
aliamka usiku kwenda "kuangalia boila".
Boila gani huangaliwa kila usiku, hata Julai?

Sikuvua koti. Nilikwenda moja kwa moja kabatini,
nikatia mkono katika mfuko wa joho lake la nyumbani:
makombo, mbegu za kisibiti,
ganda la jibini gumu kama ukucha,
na manyoya, meupe kwa meusi.

Siri ya mtungi aijuaye kata,
na kata yetu ilikuwa na miguu minne
na haikusema neno.

Saa tano na nusu nikaingia jikoni, sikuwasha taa.
Margis alikuwa amekwisha kufika.
Hakukaa mbele yangu. Alikaa kushoto kwa friji,
pale ambapo sakafu hailii,
akitazama juu, penye uso wa mtu mrefu kuliko mimi.
Nikasogea. Nikasimama hapo.
Nikakata vipande viwili,
maana sikujua desturi yao, nani huanza.
Tukatafuna gizani, mimi kwa aibu, yeye kwa uzoefu,
kisha akanipangusa kiganja kwa ulimi, mara moja,
kama mtu anayefunga daftari,
akaenda kulala.

Asubuhi zulia lilikuwa kavu.
Niliamka saa ileile hata hivyo, gazeti mkononi,
nikasimama mlangoni nikisikiliza mbwa akikoroma.

Ulinidanganya miaka sita, mzee wangu.
Ningekukemea, haki ya Mungu ningekukemea,
ningekutajia miguu, macho, figo, vyote.
Leo ni Jumatano tu
na mkate umekwisha.