Jiwe la Mnandi

Waliniita barazani si kwa cheo,
kwa nyundo.
Mwenyekiti alisema: "Nkwimba amepasua kokoto
miaka kumi na tisa hapa Kayenze.
Kama mawe yanasema, yatakuwa yamemzoea."
Wakacheka. Nikaketi na vumbi langu.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi.
Karatasi ya Lutonja, yenye muhuri wa kijiji,
inasema shamba lake linaishia
*kwenye jiwe kubwa la ufukweni*.
Hakuna vipimo, hakuna kamba.
Aliyeandika hakufikiri kwamba jiwe
nalo linaweza kuamka.

Ikaja ile Jumanne ya mwezi wa tatu.
Upepo ulitoka upande wa Ukerewe
na ziwa zima likatuinamia
kama uji kwenye bakuli lililogongwa.
Mabati ya ghala la dagaa tuliyaokota mihogoni.
Kulipokucha, jiwe la mnandi
(tuliliita hivyo, ndege wale hulala juu yake
na kulipaka chokaa)
lilikuwa hatua kumi na moja ndani,
katikati ya viazi vya Felista.

Lutonja akaja na karatasi.
"Mpaka umehama. Viazi ni vyangu."
Felista akajibu kwamba jeki tatu,
vijana wanne na dumu la gongo
hutosha kufanya muujiza kwa usiku mmoja.
"Tangu lini maji yakapanda mlima?"
Kijana mmoja akataja tsunami,
neno la redioni. Akaambiwa anyamaze,
hilo ni la watu wa baharini.

Nikainuka. Nikawapeleka jiweni.

Pitisha mkono hapa chini, nikasema.
Chokaa ya mnandi. Hakuna ndege anyaye chali.
Na hapa juu, palipokaukia mwani,
vikonokono vimekufa vikiwa vimeshikilia:
hapa palikuwa tumbo.
Jeki husukuma. Jeki haipindui.

Nikawaonyesha ngazi ya mwamba lilipokuwa limekaa,
na nyuma yake ufa mweusi, upana wa kiganja.
Wimbi la kwanza halikubeba kitu.
Liliingia ufani, likabanwa, likatafuta pa kutokea.
Lililofuata likalikuta jiwe limeshainua kisigino.
Na jiwe majini si jiwe la nchi kavu.
Mnakumbuka mlivyombeba mtu mzima
kwa viganja viwili, mlipofundishana kuogelea?
Sijui lilikuwa wimbi la ngapi. La tano, la ishirini.
Mimi mwenyewe sipasui kwa pigo la kwanza;
nagonga, nasikiliza, nagonga,
hadi sauti igeuke kutoka *ti* kuwa *to*.
Halafu kipigo kidogo tu.
Ziwa nalo linaijua kazi hiyo.

Tazameni michubuko kwenye mwamba,
minne, myeupe, yote imeelekea huku,
na kati ya huu na huu hakuna alama.
Hapo liliruka.

Katibu akaandika *liliruka*, akafuta,
akaandika *lilihama*.

Likabaki suala la viazi.
Walibishana mpaka kivuli cha jiwe kikawafikia miguuni,
na mwisho katika karatasi wakaongeza neno moja:
*kwenye lilipokuwa jiwe*.
Lutonja akaondoka bila kuaga.
Felista alinipa viazi kwenye upawa wa kanga,
vingine vimepondeka, vyenye mchanga wa ziwani.

Mnandi hawakusubiri hukumu.
Wiki ya pili tu walikuwa juu ya lile tumbo
wamekunjua mbawa, wanapaka upya.
Mwakani atakayekuja kuuliza
hataona kitu ila jiwe jeupe juu, kama mawe yote.

Kuna jambo sikulisema barazani.
Hatua chache kutoka pale, chini ya ninapogongea kokoto,
lipo jiwe jingine, kubwa kuliko lile,
ambalo mama alinilaza kivulini mwake
na mimi nikawalaza wanangu.
Nyuma yake pana ufa.
Siku ya shauri kidole kimoja kiliingia kwa shida.
Leo asubuhi, baada ya upepo wa juzi usio na jina,
nimetumbukiza viwili.