Taa Isiyonyamaza

Mwalimu Luvanda kaja tena, saa moja asubuhi.
Ukungu umeikalia Uyole, mnara wa simu hauna kichwa.
Makoti mawili, kofia ya sufu,
na kabla hata ya salamu:
"Ile taa, Tusajigwe. Bado."

Taa ya njano, duara kati ya mabano ya vistari.
Wiki ya tatu inamtazama
akishuka Kiwira na madaftari ya mtihani,
akipanda Isyonje na gunia la viazi alilozawadiwa.
"Padi nimefunga hapahapa kwako, risiti ninayo.
Sasa taa inadai nini?"

Sina jibu la kusimama. Nasema, tupige jeki.

Mawe nyuma ya magurudumu.
Nati nalegeza gari likiwa bado chini
(hilo nilifundishwa kwa kofi).
Gurudumu la mbele kushoto linatoka
na udongo mweusi wa Uporoto, mkavu, wenye majani ya chai.
Padi nzima. Nene kama mche wa sabuni
usioonja maji.
"Kumbe inasema uongo," anasema mwalimu,
ameinama begani kwangu, pumzi yake tangawizi.

Ngoja kwanza.

Ndani ya padi kuna kidudu cha plastiki,
kichwa punje ya mahindi, mkia waya.
Maisha yake yote kinangoja kuguswa.
Padi ikiliwa hadi kilipo, nacho kinaliwa,
waya unakatika,
na kukatika ndiyo sauti yake.
Nyingine hakina.
Kinasema mara moja tu, kisha tunakitupa.

Lakini hiki kichwa chake kizima.
Nafuata mkia kwa kidole, polepole, kama anayetafuta mwiba,
nafika mahali ambapo pangekuwa na kibanio.
Hapana kibanio.

Nikaikumbuka ile siku: mvua, mwenye Fuso ananipigia honi,
waya nimeuacha unaning'inia, nimesema moyoni
utakaa.
Haukukaa. Kila kona tairi lililamba kidogo,
kila kona kidogo.
Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo nilishona mimi.

Gwamaka, mwanafunzi wangu, ananinong'oneza:
"Dada, sokota ncha mbili, piga tepu, taa inazima.
Elfu tano, mzee anaenda zake."
Kweli inazima.
Ingezima leo, na kesho,
na siku padi zimebaki chuma juu ya chuma
pale Mlima Nyoka, lori la saruji mbele yake,
ingekuwa imezima vilevile.

"Mwalimu," nikasema, "taa haikudanganya. Ilisema imekatwa.
Aliyeikata ni mimi."

Akanyamaza. Akavua miwani, akaifuta kwa kofia.
"Miaka thelathini na moja nasahihisha," akasema,
"hajatokea mtoto wa kuniletea kosa lake kabla sijaliona."
Kisha, kwa sauti ya darasani:
"Haya. Rudia swali."

Bodaboda ikaleta sensa mpya kutoka Mwanjelwa,
elfu thelathini na nane, kutoka mfukoni mwangu.
Kichwa ndani ya padi: *ta*.
Vibanio vyote vinne, nikahesabu kwa sauti.
Nikamwambia Gwamaka zungusha usukani kushoto hadi mwisho,
kulia hadi mwisho,
nami chini, tochi mdomoni, natazama waya:
haugusi. Haugusi. Rudia. Haugusi.

Pedali mara tatu, mpaka ikawa ngumu chini ya mguu.
Ufunguo.
Dashibodi nzima ikawaka,
kisha zikazima moja moja,
na ya njano ikachelewa,
ikachelewa,
mwalimu kashika kofia yake kwa mikono miwili.

Sensa ya zamani nimeitia katika kopo la kahawa, juu ya dirisha.
Gwamaka haulizi ya nini.

Gari likaingia ukungu, barabara ya Igawilo.
Taa za nyuma zikawaka nyekundu karibu na daraja.
Halafu tena, mbele kidogo, pasipo kona wala mtu.
Halafu tena.
Anajaribu.