Herufi Moja

Flashi hii nilipewa na wakili Dunning,
Middlesbrough, ghorofa ya pili juu ya duka la vitanda,
mwaka ule theluji ilipoanguka Machi.
"Kesi yako yote imo humu," alisema.
Nikashangaa: miaka saba,
na inaenea kwenye kitu kidogo kuliko kidole gumba.

Imepita kwenye mashine ya kufulia mara mbili.
Kifuniko kilibaki ndani ya basi la Stockton.
Haikufa.

Leo Jumapili. Demi, mtoto wa jirani,
amegonga mlango, amekumbatia kompyuta kama paka mgonjwa.
Mfumo umegoma. Kampuni inasema mashine imezeeka,
inunuliwe nyingine.
Mama yake hupanga mizigo ghalani usiku kucha;
hiyo nyingine itatoka wapi?
"Haijazeeka," namwambia. "Imechoshwa."
Upo mfumo huria, wa bure,
ulioandikwa na watu wasiojuana,
kila mmoja akaongeza mstari wake akaenda kulala.
Kinachotakiwa ni flashi tu.
Maduka makubwa Jumapili hufunga saa kumi,
na sasa ni kumi na robo.
Ninayo moja.

Naichomeka. Naandika lsblk.
Diski zinajipanga:
sda, gigabaiti mia mbili na ushei,
ndipo ninapoishi;
sdb, gigabaiti saba na nusu,
ndipo nilipokuwa nikiishi.
Kati yao, herufi moja.

Herufi moja naijua.
Mimi ni Byamungu. Karani aliandika Byamunga,
na Mungu akatoka kwenye jina langu
miezi minane;
barua zikamwendea mtu asiyekuwepo
zikarudi na muhuri.
Kwa hiyo nasoma amri kwa kidole,
kama mtoto wa darasa la kwanza:
if, kunakotoka. of, kunakokwenda.
B. B ya Byamungu. B si A.

Demi anauliza kilichomo.
Namwonyesha kidogo: barua ya daktari kuhusu bega,
ramani niliyoichora ya njia ya kutokea Uvira,
mahojiano, kurasa mia na kumi na mbili,
picha ya mlango ambao hauna nyumba tena.
"Huna nakala?"
Nakala wanazo wao.
"Hutazihitaji?"
Naiwaza pasipoti iliyo kwenye droo,
chini ya betri na risiti za gesi.
Simjibu.

Wale walionihoji, kila swali waliliuliza mara tatu.
Una uhakika ilikuwa usiku?
Una uhakika walikuwa wanne?
Una uhakika huyu ni kaka yako?
dd haiulizi.
Ukibonyeza kitufe inakuamini,
humwamini hata mwongo, hata mlevi,
inashika kazi yake ya kufuta.

Nabonyeza.

Taa inapepesa. Megabaiti ishirini, mia, mia nne.
Demi anakula biskuti, makombo yanaingia kwenye kibodi.
Sisikii chochote. Nilidhani ningesikia.
Namba zinapokoma naandika sync
na kusubiri, maana data nyingine hubaki mlangoni
wakati wewe umeshadhani imeingia.

F12 kwenye mashine yake. Kioo cheusi.
Cheusi bado.
Ananitazama nilivyomtazama Bi Dunning siku ile
alipofungua bahasha akanyamaza.
Kisha mistari myeupe inashuka mbio,
sawa, sawa, sawa,
na mashine inauliza: jina lako nani?

Anaandika demi, kwa herufi ndogo.
Inakubali. Haimwombi hati.

Flashi namwambia akae nayo.
Anasema darasani kwao wapo wengine wawili
wenye mashine zilizoambiwa zimezeeka,
na mmoja wao, anasema,
jina lake hakuna mwalimu anayeweza kuliandika.