Mabakuli Mawili

Jivu alikuja nami kutoka Kiboriloni,
juu ya magodoro, nyuma ya Kirikuu.
Bosi alikuwepo.
Bosi alikuwa wa marehemu,
mwezi mzima alilala pale migombani
walipomzika.

Siku ya tatu walikamatana mlango wa jiko,
wakigombea mfupa usio hata na nyama.
Nikaingiza mkono.
Usiingize mkono. Mwaga maji, piga sufuria, lakini mkono usiingize.
Nyuzi sita, KCMC,
na daktari anauliza, "Mbwa wa nani?"
Nikakosa la kusema.

Anaeli akasema, labda arudi alikotoka.
Nikamuuliza: nani, Jivu?
Hakurudia.

Sasa mmoja anakula uani, mwenzake nyuma ya bati.
Mfupa hautupwi ovyo.
Jioni tunawatoa kwa kamba,
yeye ng'ambo ile ya mfereji, mimi huku,
hatua ishirini kati yetu, baadaye kumi na tano,
wiki ya mvua tukarudi ishirini.
Jivu akimtazama bila kunguruma
nampa kipande cha utumbo mkavu.
Anaeli hubeba kiganja tu; Bosi anakilamba.

Jana mawingu yaliuachia mlima.
Tukasimama penye daraja la mbao kuutazama,
sisi wawili; mbwa hawana habari na theluji.
Walinusa jani lilelile,
Jivu, kisha Bosi.
"Mwenyewe alikuwa akimwita Bobo," Anaeli akasema.
Sikuwa nimeuliza.

Tulipoachana tena, kila mtu na ukingo wake,
nikalijaribu lile jina, chinichini.
Ng'ambo ya maji
sikio moja likasimama.