Kilomita kwa Lita

Mimi ni karani wa ghala, Masasi.
Kazi yangu ni kuamini mizani kuliko mdomo.
Mkulima akisema gunia lina themanini
namwambia weka, tuone.
Mizani haina mjomba.

Kwa hiyo Hashil aliponunua Subaru,
ya buluu, yenye tundu la pua juu ya boneti,
kwa pesa ya korosho na deni juu yake,
akasema, "Dada, hili linakwenda kumi kwa lita,"
nikampa daftari la ghala
nikamwambia andika.

Akaandika. Sikutegemea.
Mwandiko wake wa kuku aliyekanyaga wino
ukapanga safu tatu: lita, kilomita, jibu.
Masasi hadi Mtwara, gia ya tano, vioo juu: tisa nukta nane.
Mjini, sokoni na kurudi: saba.
Kupanda Newala na watu watatu na cherehani: sita na nusu.
Harusi ya Nachingwea, aliposhindana na kijana wa Altezza: tano.
Hapo alifuta, akaweka sita,
akafuta tena, akairudisha tano.

Nikamweleza kwa lugha ya nyumbani:
turbo ni kangomba.
Inakuja mlangoni huna kitu,
inakukopesha kasi, mgongo unabandikwa kitini, unacheka,
kumbe inapima kwa kopo lake,
na msimu wake ni pale kwenye pampu.
Na hayo magurudumu manne yote yanavuta,
nyumba ambayo kila mtu analima,
basi sufuria nalo liwe kubwa.

Alijifunza mguu mwepesi.
Kuachia pedali kabla ya tuta la Chikundi, siyo juu yake.
Upepo wa matairi kila Jumamosi.
Akatoa lile spika kwenye buti:
kilo arobaini na moja, nililipima mwenyewe.
Wiki ile akapata kumi nukta mbili,
akaizungushia duara jekundu,
akanunulia mtaa mzima soda,
na akiba yote ya mafuta ikaishia kwenye soda.

Kisha upo mstari wa tarehe kumi na tisa Februari.
Lita kumi na moja. Kilomita arobaini na nne. Jibu: nne.

Hakuna maelezo. Safu ya maelezo hatukuchora.
Naujua kwa sababu nilikuwa kiti cha nyuma,
kichwa cha wifi yangu Somoe mapajani,
kanga ya tatu nayo imelowa.
Mkomaindo wamesema Ndanda,
gari la wagonjwa liko Nanyumbu,
mvua inapiga lami kama korosho zinazomwagwa sakafuni.
Hashil hakuachia pedali kabla ya tuta.
Hakuachia popote.
Nilisikia turbo ikivuta pumzi, mluzi mwembamba,
na matairi yakishika maji, kila moja fungu lake,
na usiku ule, karani mzima, sikuhesabu kitu.

Mtoto ana miezi minane.
Birika likipiga mluzi, ananyamaza, anasikiliza.

Jana alikuja mnunuzi, mwalimu kutoka Tandahimba.
Petroli imepanda, Hashil anataka kigari cha kumi na sita kwa lita,
kisicho na pua wala mikopo.
Mwalimu akafungua daftari, akashuka na kidole,
tisa, saba, kumi, akatikisa kichwa kwa kuridhika,
kidole kikasimama.
"Na hii nne? Gari lilikuwa linaumwa?"

Hashil akanitazama.
Ningeweza kusema peni iliteleza.
Nikasema, "Hapana. Mizani ilikuwa sahihi."

Mwalimu akapunguza laki tatu.
Hashil, mtu wa kubishania hata bei ya mchicha,
akakubali palepale,
akauliza tu kama anaweza kubaki na daftari.