Hakuhesabu Mvua

Mwangaluka, ndugu mkadiriaji.
Mimi ni Nyamizi wa chanja za Igombe,
yule uliyemkuta Jumanne kajifunga kanga kiunoni,
mikono inang'aa magamba hadi viwikoni,
ukasema, "Usinipe mkono, mama, nina haraka."

Nilikuona ukihesabu.
Ulipita katikati ya chanja na viatu vyako vya ncha,
moja, mbili, mpaka kumi na nne,
ukazidisha kwa ndoo, ndoo kwa bei, bei kwa siku,
na siku ukaziweka mia tatu sitini na tano
kama mtu ambaye hajawahi kulala ufukweni.
Kikokotoo hakikukuuliza kitu.

Karatasi imenifikia.
Umeandika kwamba mwaka jana nilipata hela
ambayo sijawahi kuiona imekaa pamoja.

Mwezi ukipevuka, dagaa hawafuati taa.
Siku nane, siku kumi, mitumbwi imelala mchangani,
wavuvi wanashona nyavu na kukopa sigara,
na mimi nauza maandazi ambayo hukuyaona
(na sasa najuta kuyataja).

Halafu kuna masika.
Usiku mmoja wa Machi mvua ilishuka saa tisa
ndoo arobaini na moja ziko juu ya chanja.
Tulikimbia, mimi na Bugumba, na Sayi wa dada yangu
aliyekuwa na mtihani asubuhi yake,
watu watatu na turubai moja lenye tobo,
tukifunika huku, upepo unafunua kule.
Kulipokucha dagaa walikuwa uji.
Akaja mtu wa chakula cha kuku,
akatazama, akanusa, akataja bei.
Nilicheka. Kisha nikampa.

Siku ile ile nililipa ushuru wa mwalo.
Ushuru haunusi.
Kijana wa mashine ni mtoto wa Magesa,
nilimbeba mgongoni akiwa na surua;
nikamwambia, mwanangu, si unaona huu ni uji?
Akaangalia vidole vyangu, akaangalia kioo cha mashine.
"Shangazi, mfumo umeshasoma."

Nikalipa getini.
Nikalipa Kirumba, gunia kwa gunia,
hata lile lililopasuka njiani.
Nikamtumia mama elfu kumi Magu, simu ikakata chake
kabla mama hajasema asante.
Yangeyange ndio peke yao wanaokula dagaa wangu bila kunipa karatasi.

Usidhani nakataa.
Darasa analosoma Sayi lina bati jipya,
najua bati halioti kama uyoga.
Lakini choo cha mwalo kimekatiwa utepe mara mbili,
mara ya pili na matarumbeta,
na kufuli bado ni lile lile;
wanawake sitini tunajua kichaka kipi ni cha nani.
Nani alikadiria hapo? Alizidisha nini kwa nini?

Ulitaka risiti. Ninazo.
Nilizitunza kwenye kopo la maziwa, juu ya kabati,
nikazitoa zote, nikazipanga mkekani nje,
na zilikuwa nyeupe.
Wino umekwenda. Tarehe imekwenda, kiasi kimekwenda,
limebaki bomba la karatasi linalojikunja lenyewe.
Bugumba akaziinua juani moja moja,
akasema hii nadhani ni ya Agosti.

Basi ninaomba jambo moja, si msamaha.
Uje usiku. Nitakupigia mawingu yakikaa upande wa Ukerewe.
Vua vile viatu.
Kikokotoo kiache kwa mama Bituro, hakiibiwi,
ushike pembe moja ya turubai.
Pembe tatu tuna watu.
Kukipambazuka tutahesabu pamoja,
chanja zangu zile zile kumi na nne,
na utaandika utakachoona.

Wako,
Nyamizi.

Risiti nimeambatanisha, ziko sabini na tatu.
Ni hizo nyeupe.